Siku Niliyokabidhiwa Kwaya

Mwalimu wa kwaya yetu ya akina mama alipopata uhamisho wa kikazi, macho yote yalinigeukia mimi. Sababu yao ilikuwa moja tu: nilijifunza nota za solfa nikiwa chuo cha uuguzi. Kumbe kusoma nota ni kazi moja, na kuongoza watu 22 ni kazi nyingine.

Jumapili ya kwanza niliinua mkono, nikaushusha. Nusu ya kwaya ikaanza, nusu ikabaki inanitazama. Kufika ubeti wa tatu tulikuwa mbio kama watu wanaowahi basi. Nyumbani Baba Neema akaniuliza taratibu, "Mama Neema, leo mlikuwa mnafukuzwa na nani?"

Nilimwendea mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyeongoza kwaya miaka mingi. Aliniambia niinue mkono kama ninaanza wimbo, akanikatiza hapo hapo. "Hujavuta pumzi. Usipovuta wewe, wao watajuaje pa kuingilia?" Kabla ya pigo la kwanza kuna pigo la maandalizi: mkono unapanda, nawe unavuta pumzi waziwazi, kwa mwendo ule ule wa wimbo. Kwaya inavuta pamoja nawe. Mkono ukishuka, wote wanaingia.

Wimbo wa mapigo manne, mkono wa kulia huenda chini, kushoto, kulia, juu. Wa mapigo matatu ni chini, kulia, juu. Nilijizoeza mbele ya kioo nimeshika mwiko, watoto wakicheka, mpaka ugali ukaungua. Mkono wa kushoto usiuache uige wa kulia. Kazi yake ni kuomba sauti ipande au ishuke, na kuliita kundi linalotakiwa kuingia.

Zile mbio je? Hapo uuguzi ulinifaa. Siku moja kabla ya kusimama nilijipima mapigo ya moyo: 112! Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mwendo wa wimbo nilikuwa nauchukua kwenye hofu yangu. Sasa natazama kwanza mshale wa sekunde kwenye saa yangu ya kazini, nahesabu kimoyomoyo, ndipo nainua mkono.

(Na wanaosema kazi hii ni ya wanaume, wajue kwamba mzizi wa solfa tunayoimbia ni mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1835. Mchungaji John Curwen aliuchukua mpango wake, akaurekebisha na kuueneza.)

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la mkono. Katika sauti ya pili tuna bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, ambaye kila mara alihamia sauti ya kwanza. Jumamosi moja nilisimamisha kwaya, nikamnyoshea kidole mbele ya wote. Alifunga daftari lake polepole. Jumamosi mbili hakuonekana.

Nilikwenda kwake na moyo mzito. "Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba radhi." Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kuchambua mchele kwa muda mrefu kabla ya kusema. "Mwanangu, nota sizijui. Mimi naimba kinachoingia sikioni."

Nikakumbuka nilikuwa nimemweka pembeni, bega kwa bega na sauti ya kwanza. Angesikia nini kingine?

Alirudi. Nimemsimamisha katikati ya akina mama wawili wanaoshika sauti ya pili barabara, na hahami tena. Ila ubeti wa pili bado hupenda kuingia mapema, kwa hiyo kabla ya kuvuta pumzi namtazama yeye kwanza, naye hunitazama, akitabasamu kidogo.