Jibu la kifafa tunalo, mbona halifiki zahanati?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo walivyonena wahenga, na hakika hawakukosea. Lakini yako maradhi ambayo hayafichwi na mgonjwa peke yake. Huyaficha mzazi kwa kuona haya, huyaficha jirani kwa hofu, huyaficha mwalimu kwa kutojua la kufanya, na mwisho huyaficha hata wakuu wetu kwa kutoyatengea fedha. Maradhi ninayoyanuia ni kifafa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi nilikaa dawati moja na kijana aliyetupita sote katika hesabu. Siku moja, katikati ya somo, alianguka sakafuni, akakakamaa, kisha mwili ukaanza kutetemeka na povu likamtoka kinywani. Darasa zima lilitoka mbio. Tulikuwa tumeambiwa nyumbani kwamba anayeguswa na povu lile huupata ugonjwa. Mwalimu alisimama mlangoni akitukataza tusimkaribie. Nami, niliyekuwa mwandani wake, nilikimbia pamoja na wengine. Yule kijana aliamka peke yake, nguo zimelowa, akatukuta tukimchungulia dirishani. Juma lililofuata hakurudi. Baadaye tulisikia ameangukia mafiga ya jikoni na mkono mmoja umeungua vibaya. Shule kwake ikawa imekwisha.

Nayasimulia haya si kwa kumlaumu mwalimu wetu, kwani naye alikuwa mtoto wa imani zilezile. Nayasimulia kwa sababu wakati huo, na miaka mingi kabla ya hapo, dawa ya ugonjwa ule ilikuwako duniani. Fenobabitoni, kidonge kidogo cheupe, kilijulikana kuwa chazuia kifafa tangu mwaka 1912, pale daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, alipoona kwamba wagonjwa wake waliopewa dawa hiyo ili walale walipungukiwa na mishtuko. Mjerumani mwingine, Hans Berger, alitangaza mwaka 1929 kwamba umeme wa ubongo wa mwanadamu waweza kunaswa na kuchorwa karatasini. Tangu hapo hakuna msomi aliyekuwa na sababu ya kushuku kwamba kifafa ni hitilafu katika umeme wa ubongo. Si laana, si pepo, wala hakiambukizi kwa povu.

Msomaji aweza kuniuliza: Je, hayo ya Ulaya yanatuhusu nini? Jawabu langu ni kwamba utafiti wa kifafa haukubaki Ulaya. Umefanywa papa hapa kwetu, kwa damu na subira ya Wakenya wenyewe.

Tuanze na Nakuru. Mwaka 1991 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa wilayani humo. Wagonjwa 302 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa fenobabitoni, ambayo ni ya bei nafuu, na jingine kabamazepini, ambayo wakati huo ilikuwa ghali zaidi. Walihudumiwa karibu na makwao kwa utaratibu wa afya ya msingi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 82 walikuwa wamedumu katika matibabu hayo. Miongoni mwao, zaidi ya nusu hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho, na wengine zaidi ya robo walipungukiwa na mishtuko kwa nusu au zaidi. Dawa zote mbili hazikupitana kwa nguvu. Maana yake ni nini? Ni kwamba zaidi ya miaka 30 iliyopita ilikwisha thibitishwa, katika ardhi yetu, kwamba mwenye kifafa wa kijijini aweza kutibiwa kwa dawa rahisi bila kulazimika kusafiri hadi Nairobi kumwona bingwa.

Tushuke sasa Pwani. Huko Kilifi, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, pamoja na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, zimekuwa na kituo tangu mwaka 1989. Watafiti wa kituo hicho wamepita nyumba kwa nyumba wakihesabu wenye kifafa, wakiwauliza maswali na kupima damu zao. Mwaka 2012 walitangaza kwamba wapatao asilimia 62 ya wenye kifafa katika eneo hilo hawakuwa wakipata matibabu yapasayo. Hawakutegemea maneno matupu; maabara ilipima kama dawa imo katika damu ya mgonjwa au haimo. Tena walieleza sababu: umbali wa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, gharama ya kununua dawa, na imani kwamba ugonjwa huu si wa hospitali.

Na gharama ya kukosa dawa ni uhai wenyewe. Uchunguzi mwingine wa hukohuko Kilifi, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wenye kifafa cha mitetemo walifariki kwa kiwango kilichozidi mara sita kile cha watu wengine wa eneo hilo. Waliokuwa hawatumii dawa ipasavyo ndio waliokuwa hatarini zaidi, na wengi walichukuliwa na mishtuko isiyokoma. Hawa si wahanga wa majini. Ni watu waliokosa kidonge ambacho, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, matibabu yake ya mwaka mzima yaweza kugharimu kiasi cha dola 5 za Marekani.

Utafiti umetufunza pia chanzo cha mengi ya maradhi haya. Mwaka 2013 zilitolewa habari za uchunguzi mkubwa uliofanywa katika sehemu tano za Afrika: Kilifi kwetu, Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt huko Afrika Kusini. Ilibainika kwamba kwa watoto, matatizo ya wakati wa kuzaliwa na majeraha ya kichwa yana mchango mkubwa. Kwa watu wazima, vimelea vina lawama kubwa. Mmoja wao ni tegu wa nguruwe. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo, yakaingia katika maji au mboga, na viluwiluwi vyake vikaweka makao ubongoni. Hivyo hata asiyeonja nyama ya nguruwe maishani mwake aweza kupatwa, iwapo jirani yake hana choo. Malaria kali ya kichwani nayo huweza kumwachia mtoto kifafa hata baada ya kupona homa. Basi mkunga hodari, choo safi, chandarua na kofia ya boda boda vyote ni kinga ya kifafa.

Sasa naomba nieleweke. Siwadharau wazee wetu. Mtoto aliyetetemeka kwa homa walisema kashikwa na dege, na kutokana na hilo tukapata neno degedege. Walikuwa wakitafuta maana ya jambo la kutisha kwa elimu waliyokuwa nayo. Hata leo mganga ndiye anayefikiwa kwanza na wengi, kwa kuwa yuko karibu, anamjua mgonjwa kwa jina, humsikiliza mpaka mwisho, na malipo yake yaweza kungoja mavuno. Zahanati ikiwa mbali, karani wake mkali na rafu zake tupu, ni nani atakayemlaumu mama kwa kwenda kwa mganga? Watu wasikejeliwe, wapewe lililo bora.

Wako wanaodai kwamba dawa ya haya yote ni kuelimisha umma. Hapa pia utafiti una neno la kutuambia. Huko Kilifi wagonjwa walifundishwa juu ya kifafa, wakalinganishwa na wengine ambao hawakuwa wamefundishwa bado. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014, waliofundishwa walipungukiwa sana na imani potofu. Lakini walipopimwa damu, hawakuwapita wenzao katika kutumia dawa. Hili ni fundisho zito. Maneno hubadili fikira, ila hayajazi rafu. Ukimwambia mtu kwamba kifafa chatibika, kisha akatembea nusu siku na kukuta hakuna kidonge, umemwongezea jeraha juu ya jeraha. Zaidi ya hayo, mwenye kifafa anayeikatiza dawa ghafla aweza kupatwa na mishtuko mibaya kuliko ya awali. Upungufu wa dawa kwa majuma mawili tu ni hatari kwa maisha.

Kwa nini basi kidonge cha bei ya njugu hukosekana? Sababu moja ni kwamba fenobabitoni imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kwa hiyo uagizaji wake una makaratasi mengi. Sababu nyingine ni kwamba bei yake ndogo haimvutii mfanyabiashara. Lakini sababu iliyo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba wenye kifafa hawana sauti. Wengi ni maskini, wengi waliachishwa shule, na jamaa zao huwaficha. Hakuna mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi kwa kukosa kuwanunulia dawa.

Naingiwa na uchungu ninapofikiri kwamba watu wa Nakuru na Kilifi walikubali kudungwa sindano, kuulizwa mambo ya siri na kuandikwa katika madaftari, ili elimu ipatikane. Elimu hiyo imewapa wasomi shahada na vyeo, na sina kijicho nao, wameistahili. Lakini majarida ambamo imechapishwa huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Aliyetoa damu yake anadai jawabu, na jawabu hilo apewe kwa lugha aisikiayo na kwa kidonge akishikacho mkononi. Utafiti usiorudi kwa mgonjwa ni deni lisilolipwa.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya bora kadiri iwezekanavyo, na ndiyo iliyozikabidhi kaunti zahanati na vituo vya afya. Mwezi Mei mwaka 2022, mataifa ya dunia yalipitisha mpango wa kushughulikia kifafa na maradhi mengine ya neva hadi mwaka 2031, wenye shabaha ya kuongeza huduma za kifafa kwa nusu ya zilivyokuwa mwaka 2021. Ahadi si haba. Ninalolitaka ni dogo na laweza kuhesabiwa. Kila kaunti na iweke dawa za kifafa katika orodha ya zile zisizoruhusiwa kuisha katika zahanati, na itangaze hadharani kila baada ya miezi mitatu ni zahanati ngapi zilipungukiwa. Wauguzi wafunzwe kuzianzisha na kuzifuatilia. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari hubisha hodi katika nyumba zetu, wapewe kazi ya kuwatafuta waliofichwa. Na waganga waalikwe kuwa washirika wa kuwaelekeza wagonjwa zahanati, badala ya kufukuzwa kama wezi.

Nasi raia tuna wajibu wetu, nao hauhitaji hata senti. Mtu akianguka kifafa, usikimbie. Ondoa karibu naye moto na vitu vigumu, mlaze kwa ubavu, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, usimpe maji, usimkandamize. Mishtuko ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, mpeleke hospitali mara moja. Usisahau kubaki naye hadi aamke, ili uso wa kwanza atakaouona uwe wa rafiki.

Hilo la mwisho ndilo nililoshindwa kulitenda siku ile darasani. Sikujua, na asiyejua haadhibiwi. Leo tunajua. Yamepimwa Nakuru, yamehesabiwa Kilifi, yameandikwa yakachapishwa. Kama mtoto mwingine atatolewa shuleni kesho kwa ajili ya kifafa, hatutaweza tena kusingizia majini wala ujinga. Itakuwa ni sisi, kwa macho makavu, tuliomwacha sakafuni.