Jiwe halilipwi juu ya uzito peke yake

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobakia nyumbani na watoto,

Hapa Luvungi, nyumba mingi ziko na kijana aliyeenda kuchimba: wengine Kamituga, wengine Misisi, wengine Numbi kule Kalehe. Jirani yangu mumoja alirudi toka Numbi na turmalini ya kijani. Négociant alipima, akaangalia kwa lupe, akamutolea bei kidogo sana. Kijana akakasirika: «Mbona jiwe ni zito?» Ni kweli lilikuwa zito. Lakini alikuwa amelitoa kwenye mwamba kwa nyundo, na ndani lilijaa nyufa. Munuaji hakuhesabu jiwe aliloletewa. Alihesabu lile litakalobakia kisha kukatwa.

Ile sheria inaonekana muzuri zaidi kwenye almasi. Wanunuaji wa almasi wanaangaliaga mambo mane: uzito, rangi, usafi na namna ilivyokatwa. Tatu za kwanza zinatoka ndani ya udongo. Ya ine peke yake ni kazi ya mukono wa mutu, na ndiyo inaleta mwangaza. Kwa almasi iliyokatwa muzuri, mwangaza unaingia juu, unagonga nyuso za chini, unarudi kwenye macho ya mwenye kuangalia. Wakiikata nyembamba sana ao nene sana, mwangaza unatorokea chini ao kando, na jiwe linaonekana kama limezima. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, wa jamaa ya wakataji wa Antwerp, alitoa kitabu cha hesabu ya pembe za almasi ya muviringo, ile ya nyuso 57 ao 58. Almasi mbili za uzito moja na rangi moja, moja ikikatwa vibaya, haziuzwi bei moja.

Mufano mukubwa ni wa hapa kwetu Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Mbuji-Mayi, mutoto mwanamuke aliokota jiwe kwenye mabaki yaliyotupwa na mgodi wa MIBA. Lilikuwa almasi ya karati 890, ni kusema gramu 178. Lilipita mikono mingi mpaka Antwerp, kisha Marekani. Wakataji wangeweza kulinda uzito ili lishinde almasi kubwa ya mufalme wa Uingereza, lakini nyufa zingebakia ndani. Wakachagua uzuri. Kazi ilichukua miaka, na jiwe kubwa likabakia karati 407,48. Wakaliita Incomparable. Zaidi ya nusu ya uzito iliondoka, na bei ikapanda hata hivyo.

Sasa siye tunapata nini? Tunauzisha mawe mabichi, na faida ya ukataji inabakia kwa wale wanaojua kukata. Botswana ilikataa ile hali: mwaka 2013, De Beers ilihamisha mauzo ya almasi zake mbichi toka London mpaka Gaborone, na vijana wa kule wanafanya kazi katika viwanda vya kukata.

Mutaniambia: siye hatuna hata kura ya kutosha. Ni kweli. Lakini mashini ya kukata turmalini inakaa juu ya meza na inatembea na groupe ndogo. Shule ya ufundi moja tu hapa Kivu inaweza kuanza na mashini kumi. Serikali ya jimbo inakusanya taxe kwa mawe yetu; itoe sehemu kwa ile kazi.

Wakati tunangojea, tujilinde. Ukiona jiwe la rangi, weka nyundo chini, chimba pembeni polepole. Lioshe, liangalie mbele ya jua, utafute nyufa. Usikubali bei ya munuaji wa kwanza. Na kila mara umuulize: «Kisha kukata, kutabakia ngapi?» Akiona unajua ile swali, hatakudanganya kirahisi.