Dawa za wadudu zisiuzwe katika chupa za soda

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo naona halijapewa uzito unaostahili. Jambo lenyewe ni sumu zinazoingia majumbani mwetu kwa jina la dawa za wadudu na dawa za panya, na mzigo unaowaangukia waganga na wauguzi wa hospitali za umma pindi sumu hizo zinapomfikia binadamu.

Oktoba 2024 watoto sita wa Naledi, Soweto, huko Afrika Kusini, walifariki dunia. Serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba uchunguzi ulikuta terbufosi, dawa kali ya wadudu iliyokusudiwa mashambani tu. Lakini dawa hiyo ilikuwa ikiuzwa mitaani kwa vipimo vidogo vidogo visivyo na jina, na wanunuzi walikuwa watu wa kawaida waliosumbuliwa na panya. Novemba 15 mwaka huo huo Rais Cyril Ramaphosa aliliambia taifa lake kwamba watoto wasiopungua 22 walikuwa wamekufa katika matukio ya chakula chenye sumu. Mwaka 2025 Baraza la Mawaziri la huko liliidhinisha terbufosi ipigwe marufuku.

Kabla ya hapo, Julai 2013, wanafunzi 23 wa shule ya msingi katika jimbo la Bihar, India, walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Ilibainika kwamba mafuta ya kupikia yalikuwa na monokrotofosi, nayo ni dawa ya wadudu, kwani yaliwekwa katika chombo kilichowahi kuwa na dawa hiyo. Ukiitazama mikasa hii miwili utaona kwamba shina lake ni moja. Sumu ilitengana na jina lake, na mtu aliyeishika hakujua ameshika nini.

Nasi tusijione kuwa tuko mbali na balaa hilo. Mtu yeyote anayetembelea magulio yetu anajua kwamba dawa ya nyanya au ya pamba hufunguliwa, ikapimwa kwa kizibo au kijiko, ikatiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na mkulima akaenda nayo nyumbani. Huko huwekwa uvunguni au dirishani. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma, na hata angejua, chupa hiyo haina la kusomwa.

Wengine watasema wauzaji hao ni walanguzi wasio na huruma, wakamatwe yaishe. Mimi nasema tuangalie sababu. Mkulima mwenye robo eka ya nyanya hahitaji lita nzima, na mara nyingi hana fedha ya kuinunua. Maadamu dukani hakuna kipimo kinachomtosha, atakwenda kwa yule anayempimia. Kwa hiyo kukamata peke yake hakutamaliza tatizo, kwani leo atakamatwa huyu na kesho atakuja mwingine.

Sasa tutazame hospitalini. Mgonjwa analetwa usiku, hajitambui, na ndugu zake wanasema tu kwamba "amekunywa dawa". Dawa gani? Hawajui. Hapo ndipo mganga anapoingia gizani, kwa sababu sumu hizi hazitibiwi kwa njia moja. Zile za jamii ya oganofosfeti humfanya mtu atokwe na jasho na mate mengi, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, kifua kikajaa maji na misuli ikalegea hata akashindwa kuvuta pumzi. Dawa yake ni atropini. Amitrazi, ambayo hutumika kuogeshea ng'ombe, nayo humfanya mtu asinzie na mboni zikawa ndogo, lakini matibabu yake ni mengine. Sumu za panya za aina ya kuzuia damu isigande hukaa siku kadhaa bila dalili, kisha mtu akaanza kutoka damu, naye huhitaji vitamini K. Fosfidi ya zinki, ambayo pia ni sumu ya panya, haina kiua sumu. Parakwati, ambayo ni dawa ya magugu, nayo haina, na kibaya zaidi ni kwamba oksijeni, ambayo mganga humpa kila anayehema kwa shida, huweza kuongeza madhara katika mapafu ya aliyeinywa.

Basi msomaji ataona kwamba karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa si pambo. Ndiyo inayomwonyesha mganga njia ya kuanzia.

Hata sumu ikijulikana, lipo tatizo la pili. Atropini kwa mgonjwa wa oganofosfeti haitolewi kwa sindano moja. Mganga huanza na kiasi, tuseme miligramu 2, na kama kifua hakijakauka huongeza maradufu kila baada ya dakika tano. Zikifuata 4, kisha 8, kisha 16, jumla ni miligramu 30 katika muda wa robo saa tu. Kwa vichupa vya miligramu moja moja, hivyo ni vichupa 30 kwa mgonjwa mmoja aliye mahututi, na baada ya hapo bado anahitaji dripu ya dawa hiyo hiyo kwa saa nyingi, kwani huweza kupata nafuu kisha akazidiwa tena. Sasa zahanati inayoweka vichupa vitano vya dharura itafanya nini? Dawa itakwisha kabla gari la wagonjwa halijafika, na lawama zitamwangukia muuguzi wa zamu ambaye hana kosa lolote.

Nyumbani nako tunakosea kwa nia njema. Wapo wanaomnywesha mgonjwa maziwa na wapo wanaomtapisha. Maziwa hayafuti sumu. Kumtapisha aliyekunywa mafuta ya taa, au dawa iliyochanganywa na mafuta ya namna hiyo, kunaweza kuyaingiza mapafuni yakamdhuru zaidi. La maana ni kumvua nguo zilizolowa dawa, kumwosha kwa sabuni na maji huku anayemhudumia akijikinga mikono, kumlaza ubavu kama hajitambui, na kumkimbiza hospitali pamoja na chupa yenyewe. Chupa isitupwe kwa aibu wala kwa hofu ya kuulizwa maswali.

Kwa maoni yangu, yapo mambo manne ambayo wahusika wangeyafanya.

Kwanza, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iwabane wenye viwanda na waagizaji watoe vipimo vidogo vilivyofungwa kiwandani, vyenye jina la sumu na maelezo ya Kiswahili, kwa bei ambayo mkulima mdogo anaimudu. Hapo ndipo itakuwa haki kumchukulia hatua kali yule atakayeendelea kupima kwa kizibo.

Pili, akiba ya atropini ihesabiwe kwa kufuata mahitaji ya mgonjwa mmoja mahututi, hasa katika wilaya za pamba, kahawa na mboga, na hasa katika msimu wa kupulizia dawa.

Tatu, kila zahanati ibandikiwe ukutani namba ya simu ya kuulizia habari za sumu usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hadi Januari 2023 chini ya nusu ya nchi wanachama wake zilikuwa na kituo cha sumu. Sisi tunayo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ujuzi wake ufike hadi kwa muuguzi wa kijijini.

Nne, sumu zilizo kali mno ziondolewe sokoni. Sri Lanka ilianza kufanya hivyo kwa hatua katika miaka ya 1980 na 1990, na vifo vya watu waliojidhuru kwa sumu vikapungua sana, bila mazao ya nchi kuporomoka kama ilivyohofiwa.

Ndugu Mhariri, dawa hizi zinamsaidia mkulima, wala sisemi ziachwe. Ninachosema ni kwamba sumu ibaki na jina lake tangu kiwandani hadi shambani. Jina hilo likipotea njiani, anayelilipia ni mtoto, na daktari hubaki akibahatisha.

Mpenda Usalama,
Morogoro.