Waliwauza kwanza, kisha wakawahukumu

Filamu ya Kimarekani The Violent Years, ya mwaka 1956, inaanza na ubao wa darasani. Umeandikwa sifa za mwanafunzi mwema: uraia mwema, kujizuia, adabu, uaminifu. Wasichana wanne wanapita mbele yake mmoja mmoja, wanautazama kwa dharau, wanaenda zao. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inaposema kweli. Baadaye watu wazima wanaanza kuwasemea, na hawanyamazi hadi mwisho.

Nafundisha fasihi katika sekondari ya wasichana, na filamu hizi za zamani za magenge ya mabinti nazichukulia kwa uzito. Wapo wanaozicheka kwa ubovu wake. Wapo wanaozisifu kana kwamba ni ilani za ukombozi wa mwanamke. Wote wanapita kando ya jambo linaloniuma: karibu zote zilitengenezwa na wanaume walioutia mfukoni uasi wa wasichana, kisha wakajifanya kuulaani.

Biashara yenyewe haikuwa na siri. Miaka ya 50 Marekani ilikuwa na hofu ya vijana wake, hata Seneti ikaunda kamati ndogo ya kuchunguza uhalifu wao. Wakati huohuo vijana hao walikuwa na pesa za mfukoni, na magari ya kwenda nayo kwenye sinema za wazi, zile za kutazama ukiwa ndani ya gari, ambazo wazee wa Dar es Salaam na Nairobi wanazikumbuka vizuri. Mtayarishaji mdogo hakuhitaji nyota. Alihitaji bango la msichana mwenye sura ya ukali na silaha mkononi. Na ili wakaguzi wasimkatie filamu, alibandika mahubiri mwishoni.

Tazama wanavyomfanya Paula, kiongozi wa wale wasichana wanne wa The Violent Years. Baba yake ni mhariri wa gazeti, mama yake ana shughuli za hisani zisizokwisha. Paula na wenzake wanavaa kiume, wanapora vituo vya mafuta, mwishowe wanaua. Filamu inatuburudisha na hayo yote kwa ukarimu. Kisha muswada, ulioandikwa na Ed Wood, unamtia Paula gerezani akiwa mjamzito na kumuua wakati wa kujifungua. Hakimu anawahubiria wazazi wake kwa kirefu kuhusu malezi, halafu anawanyima mjukuu. Mtoto mchanga anaadhibiwa ili mtazamaji arudi nyumbani akijiona ni mtu wa maadili! Nawaambia wanafunzi wangu wahesabu ni mara ngapi mtu yeyote humo ndani anamuuliza Paula anataka nini na kungoja jibu.

Japani nayo ilizalisha za kwake kwa wingi kuanzia 1970, Meiko Kaji akiwa usoni mwa mfululizo wa Stray Cat Rock. Huko angalau macho yaligeukia nje ya genge: katika Sex Hunter, ya mwaka huohuo, kundi la wanaume linawawinda machotara katika mji wenye kambi ya jeshi la Marekani, na wasichana wanalazimika kuchagua upande.

Lakini filamu inayonirudisha kila mara ni Switchblade Sisters ya mwaka 1975. Mwongozaji wake ni Jack Hill, yuleyule aliyemwongoza Pam Grier katika Coffy na Foxy Brown. Kisa kimechotwa kwa Othello wa Shakespeare, mwandishi ambaye sisi tulimpokea kwa kalamu ya Mwalimu Nyerere kupitia Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Lace anaongoza genge. Maggie ni mgeni anayependwa upesi. Patch, mwenye kitambaa jichoni, anaona nafasi yake inachukuliwa, naye anaanza kummwagia Lace sumu ya maneno. Robbie Lee, anayemwigiza Lace, anaongea kwa meno yaliyoumana, kama mtu anayezuia kilio asije akaonekana. Nimekaa bwenini na wasichana wa umri huo. Huo wivu wa urafiki naujua, na sijaona filamu nyingi zinazoupa uzito wa mikasa ya wafalme na majemadari.

Maggie anapochukua uongozi, wavulana wanafukuzwa, na genge lililokuwa mkia wa genge lao linajipa jina jipya, Jezebels. Baadaye linaungana na genge la wanawake Weusi linaloongozwa na Muff. Hizo sehemu nazipenda bila kusita.

Sipendi wala sisamehe filamu inavyomshughulikia Dominic, mpenzi wa Lace. Anamfuata Maggie hadi kwao na kumbaka. Na filamu inafanya nini na unyama huo? Inaugeuza kuni za wivu: Patch anautumia kumwaminisha Lace kwamba rafiki yake ni msaliti. Maggie anabaki mshukiwa wa jambo alilotendewa. Dominic anauawa baadaye kwa risasi katika ugomvi wa magenge, kwa sababu nyingine kabisa. Lace anakufa kwa kisu, Maggie anabebwa na polisi akiwa ametapakaa damu. Mwaka 1956 walimtafutia Paula hakimu, wakampa hakimu huyo na muda wa kuhutubia. Kwa Dominic hakuna aliyeitisha hata kikao.