Zitazamwe namba zote mbili

Anunuaye injini ya kupachika iliyokwisha tumika, awe Songo Songo au Kilwa Kivinje, mara nyingi huvutwa na rangi ya kifuniko. Rangi si ushahidi! Kwenye kibano kishikacho tezi la boti pana bamba lenye namba. Aghalabu namba hiyo hiyo imegongwa katika kizibo cha chuma kwenye bloku. Zikitofautiana, injini na kibano havikuzaliwa pamoja. Ikiwa imekwanguliwa, yawezekana ni ya wizi. Chumvi hula chuma, lakini haichagui tarakimu.

Ndugu walimu na watumishi, ninyi ndio mwitwao kuandika hati za mauziano. Msitie sahihi kabla kifuniko hakijafunguliwa na namba zote mbili kuandikwa. Muuzaji akinung'unika, na anung'unike.