Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Uliza Tabaka



Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mzee mmoja jirani yetu alimkaripia mjukuu wake kwa madai ya kumharibia simu. Alama za mnara zilikuwa zimejaa na kifurushi hakijaisha, lakini kila alichojaribu kukifungua kilizunguka tu pasi na kufunguka. Kijana aliapa kwamba hakuigusa, hakusadikiwa. Baadaye ikabainika kuwa nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zinazoiunganisha Afrika Mashariki na dunia, zimepata hitilafu. Mtoto alikuwa amehukumiwa kwa kosa lililotokea baharini.

Yafaa familia zetu zifahamu kuwa mtandao si kitu kimoja. Mawasiliano yake yamepangwa kwa matabaka, na kila tabaka lina amana yake. Mwaka 1984 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilichapisha mpangilio wa matabaka 7; lakini intaneti tunayoitumia aghalabu huelezwa kwa manne.

Tuseme mama anamtumia mwanawe picha. Juu kabisa lipo tabaka la programu, ambako picha huandaliwa kwa namna itakayofahamika upande wa pili. Chini yake ni tabaka la usafirishaji: huikata picha vipande vidogo na kuvipa namba, na kipande kisichothibitishwa kuwa kimefika hutumwa tena. La tatu ni tabaka la anwani. Hili hukitia kila kipande katika bahasha iliyoandikwa anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na mitambo ya njiani husoma anwani hizo ili kuchagua njia. La chini kabisa ndilo lenye kubeba: waya, mawimbi ya redio, au nuru ipitayo katika nyuzi za kioo. Vikifika, bahasha hufunguliwa moja baada ya nyingine, kutoka chini kwenda juu, hata mwana aione picha nzima.

Sasa turejee kwa mzee wetu. Alama za mnara hushuhudia hatua moja tu, ya kutoka kwenye simu hadi mnarani. Hazina habari za bahari. Njia kuu zilipoharibika, vipande vililazimika kupita njia chache zilizobaki. Vikasongamana, vingine vikapotea, vikatumwa tena na tena. Simu ilikuwa nzima na mnara ulikuwa mzima.

Basi yakikufika kama hayo, anza kuuliza kutoka chini. Je, alama za mnara au za Wi-Fi zipo? Kifurushi kipo? Programu nyingine zinafunguka? Ikiwa ni moja tu iliyogoma, huenda kasoro iko juu, kwa wenye programu hiyo. Zikigoma zote, muulize jirani anayetumia kampuni nyingine ya simu. Naye akiwa katika hali hiyo hiyo, yaelekea tatizo liko mbali na nyumba yako. Subiri, wala usiifute programu wala kuipeleka simu kwa fundi.

Mzee yule, baada ya swala ya Isha, alimwita mjukuu wake barazani akamwambia, “Nisamehe, mwanangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza.”