Nani Aseme Kwamba Shamba Limepona?



Mtu akiazima jembe la jirani yake, wakati wa kulirudisha si yeye anayetamka kwamba jembe ni zima. Mwenye jembe hulitazama, hushika mpini, hulijaribu ardhini, ndipo husema. Kanuni hiyo kila mtoto wa kijijini anaijua. Iweje basi shamba lililochimbuliwa makaa ya mawe litangazwe kuwa limepona kwa sahihi ya mchimbaji na mkaguzi peke yao, mwenye shamba asiwepo?

Jambo hili si la mbali. Mgodi wa Kiwira, ulioko upande wa Ileje na Kyela, ulijengwa kwa msaada wa China na kuanza uzalishaji mwaka 1988. Mwaka 2005 ulibinafsishwa. Baadaye ukarudi serikalini na kuwekwa chini ya STAMICO. Wenye mgodi wanaweza kubadilika mara nyingi. Vijiji vinavyopakana nao havihami. Deni la ardhi lisipoandikwa mapema, kila mwenye mgodi mpya atasema halimhusu, na mkulima atabaki nalo mgongoni.

Tena, madhara ya makaa ya mawe hayaji yote siku ya kuchimba. Mawe yanayoandamana na makaa mara nyingi huwa na salfa. Yakifukuliwa na kukutana na hewa na maji huzaa asidi, nayo hushuka taratibu hadi kijitoni. Katika nchi ya mvua nyingi kama yetu, maji hayo hayakosi njia. Penye mgodi wa chini kwa chini, nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia dari huweza kulegea baada ya miaka mingi. Ardhi ikadidimia, ukuta ukapasuka, chemchemi ikakauka. Na udongo wa juu uliochanganywa na kifusi huweza kuotesha majani ya kijani msimu wa kwanza, kisha mgomba ukadumaa. Ukaguzi wa siku moja ya kiangazi utayaonaje hayo?

Hatuwezi kusema kwamba sheria hakuna. Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu na kudai fidia ya haki inapotwaliwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni alipe fidia kwa uharibifu wa mazao, miti, majengo na mifugo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema anayechafua alipe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Lakini sheria iliyolala kabatini mjini haimfai mtu aliyesimama kando ya chemchemi iliyokauka.

Wako watakaosema: mkulima si mtaalamu. Hatuudharau utaalamu, maji yapimwe na wenye vyombo vya kupimia. Lakini ni nani ajuaye kuliko mwenyeji kwamba kisima hiki hakikupata kukauka hata mwezi wa kumi? Ushahidi huo haupatikani maabara.

Wako pia watakaosema kwamba madai mengi yatawafukuza wawekezaji. Tutazame Marekani. Sheria yao ya mwaka 1977 inamlazimisha mchimba makaa kuweka dhamana ya fedha. Baada ya kupanda mimea kwa mara ya mwisho huendelea kuwajibika kwa miaka 5 penye mvua za kutosha, na miaka 10 penye ukame. Kabla dhamana haijarudishwa, mwenye ardhi hujulishwa na anaweza kukagua pamoja na mkaguzi. Mwaka 1992 waliongeza kwamba mchimbaji wa chini kwa chini atengeneze au afidie nyumba anazoziharibu, na arudishe maji ya kunywa yaliyopotea. Je, wachimbaji walikimbia? Makaa yaliendelea kuchimbwa kwa wingi.

Haki ni ya pande zote. Si kila ufa umeletwa na mgodi. Nchi yetu ni ya volkano na matetemeko. Ile mitikiso ya Desemba 2009 iliyobomoa nyumba Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, haikusababishwa na mchimbaji yeyote. Ndiyo maana kumbukumbu humlinda mkulima dhidi ya dhuluma, na mchimbaji dhidi ya madai ya uongo.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kabla ya kuchimba, nyumba, miti na chemchemi ziandikwe mbele ya mwenyewe, naye apewe nakala. Pili, ardhi iliyorudishwa ikaguliwe wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, mwenye shamba na Halmashauri ya Kijiji wakiwepo. Tatu, kila lalamiko liandikwe daftarini na kujibiwa kwa maandishi. Na kama kumbukumbu za awali hazikuchukuliwa, mchimbaji ndiye athibitishe kwamba hakuharibu. Nne, dhamana isirudishwe kabla ya misimu mitano ya kilimo kupita.

Nabothi aliahidiwa fedha, akaahidiwa na shamba bora zaidi, akakataa, maana urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Aliyemnyang'anya alitumia barua, mihuri na mashahidi. Kwa karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Tusikubali dhuluma kwa sababu tu imepigwa muhuri.

Nanyi wenye mashamba, msitie sahihi msichosomewa mkakielewa. Tunzeni nakala zenu. Mkaguzi akija, tokeni nyumbani mkatembee naye hadi mpaka wa mwisho wa shamba.